Diski Iliyosema Ni Tupu

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, Afisa Ardhi, mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)

       

Katibu aliponiandikia alinipa dakika ishirini nieleze namna kompyuta za shule zilivyopatikana na namna zilivyowekwa Linux. Habari ya kupatikana kwake ni fupi. Ofisi moja ilikuwa ikiondoa mashine zake za zamani katika daftari la mali, tukaandika barua, tukajibiwa, tukapewa mashine 14. Zikaja hapa kwa lori la mwanachama mwenzetu mfanyabiashara wa mahindi, na mpaka leo ukifungua kasha la baadhi yake utakuta punje. Habari ya pili ndiyo yenye maneno. Ndani yake mna jambo moja ambalo nimeomba nilieleze kwa kinywa changu mwenyewe, kabla halijafika kwenu kwa vinywa vya wengine.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mtaalamu wa kompyuta. Shahada yangu ni ya mambo ya ardhi, na riziki yangu naipata kwa kupima viwanja, kuvigawa na kusuluhisha wanaovigombea. Wazee wa miaka ya sabini watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likadumu mpaka miaka ya tisini. Kwa hiyo nilipoingia kidato cha kwanza hapa mwaka 1995, mashine pekee tuliyoifahamu ilikuwa taipureta ya karani, na hata hiyo tuliisikia kwa dirishani tu. Haya ninayoyajua nimeyaokota njiani, kama wengi wetu wa umri wangu, na kila nililolijua vizuri nililijua baada ya kuharibu kitu.

Mashine tulizopewa zilitengenezwa kati ya mwaka 2008 na 2009. Zina prosesa ya Core 2 Duo, kumbukumbu ya gigabaiti 2, na diski ya gigabaiti 160. Windows 10 ilikuwa ikizunguka ndani yake kama punda aliyechoka. Kampuni ya Microsoft nayo ilisitisha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali mashine za umri huo. Tukaamua kuweka Linux, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Haununuliwi, na haudai mashine mpya. Tulichagua Debian 13. Hapo napo niwaonye wanaotaka kufanya hivyo katika shule za watoto wao: toleo hilo, lililotoka mwaka 2025, haliwekwi tena katika mashine za biti 32. Core 2 Duo ni ya biti 64, kwa hiyo sisi tulipona. Mwenye mashine ya zamani zaidi aulize kwanza kabla hajapoteza siku nzima.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, tukakaa maabara, mimi na vijana sita wa kidato cha tatu na cha nne, tukiwa na flashi tatu na birika la chai. Mashine tano zikakubali moja kwa moja. Vijana wakafurahi, wakaanza kunipa sifa nisizostahili. Mashine tisa zikakataa, na zote tisa zilikwama mahali pamoja: pale programu inapotaka kugawa diski.

Hapa naomba mnivumilie niongee lugha ya ofisini kwangu. Diski ya kompyuta ni shamba. Kabla ya kulijenga ni lazima ligawanywe viwanja, ambavyo hapa nitaviita mafungu: hili la mfumo, hili la kazi za watu, hili dogo la kuhemea kumbukumbu inapojaa, ambalo mafundi huliita swapu. Na kama ilivyo kwa ardhi, mgawanyo hauonekani kwa macho. Uko katika rejista. Katika mashine za zamani rejista hiyo imeandikwa mahali padogo kuliko mnavyodhani: katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, na humo jedwali lenyewe la mafungu limepewa baiti 64 tu. Baiti 64 kwa shamba lote! Kila fungu linachukua baiti 16, kwa hiyo yanaenea mafungu manne, la tano halina pa kuandikwa. Utaratibu huo uliingia mwaka 1983 pamoja na DOS toleo la 2.0, wakati diski ya megabaiti 10 ilikuwa utajiri, na walioupanga hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba ungetumika katika bwalo hili. Unaitwa MBR. Mashine mpya zina utaratibu mwingine, GPT, wenye nafasi ya mafungu 128 kwa kawaida, tena wenye nakala mbili za rejista, moja mwanzoni mwa diski na nyingine mwishoni kabisa. Kumbukeni hiyo ya mwishoni.

Sasa, mtu akija ofisini kwangu akasema kiwanja chake hakigawanyiki, sianzi kwa kupeleka tingatinga. Naanza na jalada. Lakini siku ile maabara, nikiwa mbali na kiti changu, nilisahau kazi yangu. Vijana walipouliza, "Mwalimu, inakataa, tufanyeje?" (waliniita mwalimu, nami sikukataa) nikawaambia wabonyeze palepale tena. Wakabonyeza. Ikakataa tena, kwa maneno yaleyale. Tulipoteza saa mbili kwa namna hiyo, tukiisihi mashine ibadili maneno badala ya kuyasoma.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, ambaye muda wote alikuwa akiandika katika daftari ujumbe wa kila mashine kama ulivyo. Akaja na daftari lake akasema, "Samahani, mwalimu. Hizi tisa hazisemi kitu kimoja." Ilikuwa kweli. Sisi tuliona kukataa tu. Yeye aliona aina tano za kukataa.

Mashine tatu hazikuonyesha diski yake kwa jina la kawaida. Zilionyesha jina refu lisiloeleweka, na ukigusa, programu inasema kitu hicho ni sehemu ya kundi la diski. Diski hizo kumbe zamani ziliwahi kufungwa mbili mbili ili zifanye kazi kama moja, utaratibu uitwao RAID, kisha zikatenganishwa bila kufutwa alama. Alama hiyo imekaa mwishoni mwa diski, na kufomati kwa kawaida hakuifikii. Ni kama ndugu waliogawana urithi miaka mingi, lakini hati bado inasema shamba ni la ukoo. Dawa yake ni amri moja iitwayo wipefs. Ukiiandika pamoja na jina la diski tu, inakuorodheshea alama zote ilizozikuta, na haigusi kitu. Ukiongeza herufi ya kufuta ndipo inapofuta. Nimeitenga hiyo hatua ya kwanza kwa makusudi, mtaona kwa nini.

Mashine mbili zilikubali kila kitu mpaka mwisho, zikakwama wakati wa kuweka GRUB, ile programu ndogo inayoamsha mfumo. Diski zake ziligawanywa kwa GPT, ilhali mashine zenyewe huamka kwa utaratibu wa zamani, BIOS. GRUB katika hali hiyo inahitaji chumba chake mwenyewe, fungu dogo la megabaiti 1 lisilofomatiwa, na hatukuwa tumelitenga. Tukalitenga, zikaamka. Hii ndiyo iliyowakera vijana kuliko zote, maana mtu amekwisha subiri nusu saa, anaona ameshinda, halafu mlangoni anaambiwa hana ufunguo.

Moja ilikuwa imepangiwa maktaba, na mkutubi alitaka Windows yake ibaki kando ya Linux. Humo mlikuwa na gigabaiti 60 zisizotumika, na programu ikakataa katakata kuzigawa, ikaziandika kuwa hazitumiki. Kijana mmoja akasema mashine ina kiburi. Haikuwa kiburi: mafungu manne yalikwisha jaa katika jedwali, la mfumo, la data, na mawili ya kampuni iliyotengeneza mashine. Ardhi ipo, mstari wa kuiandika haupo. Tulinakili yaliyokuwa katika fungu la data, tukalifuta, tukaweka mahali pake fungu kubwa la nje ambalo ndani yake unaweza kugawa madogo mengine. Kabla ya hapo tulilazimika kuizima Windows kikamilifu, maana ilikuwa imelala tu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, mara nyingi mfumo unasinzia na kuacha fungu lake katika hali ya kazi, na Linux ikiona hivyo haithubutu kulipunguza. Inafanya vyema.

Moja nyingine haikuiona diski yake hata kidogo, na saa yake ilikuwa ikidai tuko mwaka 2008. Hiyo ya saa ndiyo iliyotueleza ugonjwa: ile betri ndogo ya duara iliyo ndani imekufa, kwa hiyo kila umeme unapokatika mashine inasahau mipangilio yake na kurudia ya kiwandani, ambayo hapa ilikuwa ya RAID. Betri mpya iliuzwa dukani pale stendi kwa bei ndogo kuliko soda ya mtu niliyemtuma.

Mbili za mwisho zilikuwa na ujumbe wa kushindwa kusoma na kuandika. Diski nyingi za sasa hujiandikia kumbukumbu ya afya zake, na iko programu ya kuzisoma, smartctl. Moja ilionyesha makosa mengi katika mstari namba 199, ambao mara nyingi unashuhudia waya mbovu. Tukabadili waya, ikapona. Ya pili ilikuwa na sekta nyingi zilizokwisha hamishwa na nyingine zinazosubiri, mistari namba 5 na 197. Hiyo ni diski inayokufa. Hatukuipa dawa. Tukaitoa, na sasa iko katika kabati la fizikia, imefunguliwa, vijana waione ilivyo.

Nisiwachoshe na mengine madogo. Nitaje moja tu kwa vijana, kwa sababu liliwarudia mara kwa mara: ukiiwasha Linux kutoka kwenye flashi ili uijaribu, mara nyingine inaiona swapu ya zamani iliyomo kwenye diski na kuanza kuitumia. Baadaye ukitaka kuigawa diski hiyo unaambiwa inatumika. Mnaanza kutafuta mchawi, kumbe mnaotumia ni ninyi wenyewe. Amri ya swapoff inamaliza ugomvi.

Basi ilipofika saa mbili usiku mashine zote zilikuwa zinafanya kazi isipokuwa ile moja, na sisi tulijiona mabingwa. Ndipo Makamu Mkuu wa Shule alipotuletea mashine ya kumi na tano. Haikuwa ya msaada. Ilikuwa ya shule yenyewe, ilikaa stoo miaka mingi, na yeye aliona maadamu mafundi wapo, nayo ipewe uhai.

Nikaiwasha kwa flashi. Programu ikafika kwenye kugawa diski ikasema: diski haina mafungu. Nafasi tupu, yote. Kijana yule wa daftari akaniuliza, "Mwalimu, hii tuiandike kwanza?" Nakumbuka jibu langu neno kwa neno. Nilimwambia, "Imesema yenyewe ni tupu. Twende." Nikachagua kutumia diski nzima, nikabonyeza mimi mwenyewe, kwa kidole hiki.

Ndugu zangu, katika ofisi yangu nimewahi kusimama mbele ya watu na kuwaambia kwamba kutokuandikwa kwa shamba katika rejista hakuna maana kwamba shamba halina mtu. Nimewahi kulisema hilo kwa ukali. Rejista ikipotea, migomba haiondoki. Na mimi niliyeyasema hayo nikaambiwa na mashine kwamba rejista haina kitu, nikapeleka tingatinga.

Programu ikaandika jedwali jipya. Ikaanza kufomati fungu kubwa. Ikafika mahali ikasimama, ikatoa ujumbe wa kushindwa kuandika. Nikakasirika, nikasema diski nyingine mbovu, nikataka kuizima twende tukale. Makamu akaingia kuangalia tumefikia wapi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Hii si ndiyo ile aliyokuwa akiandikia marehemu?"

Wengi wenu mnamjua ninayemsema, hata nisipomtaja. Alifundisha historia hapa miaka mingi, na alipokaribia kustaafu alichukua vitabu vya uandikishaji wa wanafunzi, kuanzia mwaka 1966 hadi 1994, akawa anaviingiza katika kompyuta jina kwa jina: namba, jina la mzazi, kijiji, shule ya msingi alikotoka, siku aliyoingia na siku aliyoondoka. Jalada moja kwa kila mwaka, majalada 29. Alifanya hivyo jioni, baada ya vipindi, bila posho. Mwaka uliofuata kustaafu kwake mchwa waliingia katika chumba kile, na vitabu vikaliwa. Kwa hiyo katika dunia nzima orodha ya wanafunzi wa shule hii kwa miaka hiyo ilikuwa mahali pamoja, na hapo mahali pamoja nilikuwa nimekwisha pabonyeza.

Makamu akakumbuka pia kwamba miaka iliyopita aliitwa fundi apige Windows upya katika mashine hiyo, ikamgomea katikati, akaondoka. Yeye ndiye aliyeacha jedwali tupu. Hilo halinipunguzii mimi kitu. Alama za shamba zilikuwepo. Ningechungulia tu kwa programu nyingine, ningeona.

Jambo la kwanza lililo sahihi nililolifanya usiku ule ni kuondoa mikono. Nikazima mashine, nikatoa diski, na hakuna aliyeiwasha tena. Diski inayoharibika usiihangaishe, na diski iliyofutwa rejista usiiandikie hata herufi moja, maana kila unachoandika kinaanguka juu ya kitu ambacho bado kipo.

Kesho yake nikaja na diski ya nje, kubwa kuliko ile, nikainakili yote kwa programu iitwayo ddrescue. Uzuri wake ni kwamba inaanza na yale yanayosomeka bila taabu, inaruka mabovu, kisha inayarudia polepole mwishoni, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika. Umeme ulikatika mara mbili. Ukirudi, inaendelea palepale. Ilichukua usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Vijana walipeana zamu ya kulala maabara, na naomba Mkuu wa Shule asiwaadhibu, kwa sababu ruhusa ile niliitoa mimi bila mamlaka.

Baada ya hapo kazi yote tuliifanya juu ya nakala. Iko programu ya bure, TestDisk, aliyoitunga Mfaransa Christophe Grenier. Haiulizi rejista. Inatembea katika diski yote ikitafuta vigingi: hapa palianza fungu la aina fulani, hapa pakaishia. Mfumo wa Windows, NTFS, huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa fungu, na hiyo fomati yangu haikuwa imeifikia. TestDisk ikaiona, ikasema hapa pana fungu la Windows, linaanzia hapa na kuishia pale. Kwenye kioo ilikuwa mistari miwili mitatu ya maandishi ya kijani. Makamu aliyekuwa amesimama nyuma yangu alikaa chini.

Tukafungua. Tukakuta jalada la marehemu. Ndani yake majalada ya miaka kumi na tano yakafunguka, kwa majina yake. Mengine yalikuwa yameandikwa katika orodha lakini hayafunguki. Kufomati, jamani, si kufuta kila kitu. Ni kupanda vigingi vipya hapa na pale juu ya shamba zima, na kila kigingi kinang'oa shina moja la mtu. Baadhi ya vigingi vyangu vilianguka juu ya orodha ya NTFS yenyewe. Kwa hiyo tukatumia ndugu ya TestDisk, PhotoRec, ambayo haijali majina wala orodha, inatambua jalada kwa umbo la mwanzo wake tu. Inakurudishia vitu elfu kadhaa bila majina, kila kimoja herufi na namba ndefu, picha za matangazo zikiwa zimechanganyika na mitihani ya jiografia. Vijana wakakaa siku tatu za likizo wakifungua moja moja. Wakapata miaka mingine tisa. Mwanafunzi mmoja akampata baba yake, kidato cha kwanza 1988, kimeandikwa na kijiji na jina la babu. Hakusema kitu, aliinuka akatoka nje, akarudi baadaye akaendelea na kazi.

Kumi na tano na tisa ni ishirini na nne. Miaka mitano haikurudi. Mwaka 1973 hatukupata chochote. Mwaka 1979 na 1980 tulipata kipande cha mwanzo, majina kumi na kitu kwa kila mwaka. Mwaka 1987 jalada linafunguka lakini ndani ni alama zisizosomeka. Mwaka 1991 hatukupata chochote. Siwezi kusema ni ipi kati ya hiyo iliyoliwa na ubovu wa diski na ipi iliyoliwa na kidole changu, na sitaki kuitumia diski mbovu kama mwavuli. Lau diski ile ingekuwa nzima kazi yangu ingemalizika vizuri kabisa, na leo tusingekuwa na hata hiyo ishirini na minne.

Hiyo iliyopatikana sasa iko katika nakala tatu: moja ofisini kwa Mkuu wa Shule, moja kwa Katibu wa Umoja, na moja nje ya mkoa huu. Tumeichapa pia kwenye karatasi, na kitabu kiko pale mezani karibu na mlango. Yule kijana wa daftari ameandika na kubandika ukutani mwa maabara orodha ya yale aina tano pamoja na maneno ya kila ujumbe, na juu kabisa ameandika amri ya kwanza ya kutoa kabla ya kubonyeza chochote, ile isiyofuta. Hakuniuliza. Nilipoiona nilinyamaza.

Kwa hiyo nina ombi, na kwa ombi hili namaliza. Kando ya kitabu hicho ziko karatasi tano, kila moja na mwaka wake: 1973, 1979, 1980, 1987 na 1991. Aliyeingia shule hii katika mojawapo ya miaka hiyo aandike jina lake kama lilivyokuwa siku ile, jina la mzazi, kijiji, na shule ya msingi alikotoka, kisha amwandikie kila mwenzake wa darasa anayemkumbuka, na marehemu pia. Mwenye picha ya darasa ailete ipigwe nakala, tutairudisha. Ndugu Mwenyekiti, naona umeinua kichwa nilipotaja 1979. Ndiyo, ni mwaka wako, na katika majina kumi na kitu yaliyopatikana lako halimo. Kalamu iko mezani.